Bata mzinga: ndege wa Meksiko aliyepewa jina la Uturuki

Neno la Kiingereza "turkey" ni jina la nchi ya Uturuki, na pia ni jina la ndege ambaye Waswahili humwita bata mzinga. Ndege huyo hana asili ya Uturuki. Kwao ni Amerika, na wenyeji wa Meksiko walianza kumfuga yapata miaka 2,000 iliyopita. Wahispania walimkuta huko, wakampeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16.

Jina lilimtangulia. Waingereza walikuwa wamekwisha kumjua kanga, ndege wa Afrika aliyewafikia kupitia wafanyabiashara wa milki ya Waturuki, wakamwita jogoo wa Uturuki. Bata mzinga alipoingia, wengi walimchanganya na kanga. Kwa muda ndege wote wawili waliitwa hivyo, hatimaye mgeni akabaki na jina, na kanga akaitwa kuku wa Guinea. Basi mwenye jina hasa alikuwa ndege wa Afrika, jambo ambalo halitajwi inavyostahili. Hata mwaka 1758, Carl Linnaeus alipompa bata mzinga jina la kisayansi, alichagua Meleagris, jina ambalo Wagiriki wa kale walimwitia kanga.

Mataifa mengine nayo yalikisia. Waturuki wenyewe humwita "hindi", na Wafaransa "dinde", yote yakimaanisha wa India, kwa sababu Amerika ilidhaniwa kuwa India. "Kalkoen" ya Waholanzi imetokana na bandari ya Calicut huko India, Wareno husema "peru", na Wamisri humwita jogoo wa Rumi. Waswahili wamemwingiza katika ukoo wa bata, ilhali ni jamaa ya kuku. Jina lenye haki zaidi ni la Wanahua wa Meksiko, "huexolotl", ambalo hadi leo husikika nchini humo kama "guajolote".

Huko Marekani, ambako bata mzinga ndiye kitoweo kikuu cha Sikukuu ya Shukrani kila Novemba, neno "turkey" lilizaa maana nyingine. Tamthilia iliyoshindwa kuvutia watu huitwa hivyo, na mtu mpumbavu vilevile. Anayeacha ulevi ghafla, bila kupunguza kidogo kidogo, husemwa ameacha kwa "turkey" baridi.

Mwaka 2022 serikali ya Uturuki iliomba nchi yake iandikwe Türkiye, na Umoja wa Mataifa ukakubali. Hata hivyo, wazungumzaji wengi wa Kiingereza wangali wanatumia neno lile lile kwa nchi na kwa ndege.