Gédéon: miaka ya kumsaka mtu mmoja



Tunapoandika majina ya familia zinazotaka kurudi Mitwaba ao Manono, ulizo la kwanza si mbegu wala mabati. Wanauliza: ule mutu iko wapi? Jina hawalitaji, ila wote tunajua ni Gédéon Kyungu Mutanga. Vijana waliokomalia hapa Kolwezi, pembeni ya mashimo ya kobalti, historia yake wanaisikia nusu nusu.

Wakati wa vita na RCD na Rwanda, serikali yenyewe iliwapa Maï-Maï silaha. Vita ilipoisha, kundi la Gédéon halikuzirudisha, likawageukia wanakijiji. Eneo la Mitwaba, Pweto na Manono likaitwa pembetatu ya kifo. Mwisho wa 2005 basoda wakaanza kumsaka, na watu zaidi ya 100,000 wakakimbilia mu pori. Aliyesakwa hakupatikana, mihogo yetu ndiyo iliyopatikana. Mei 2006 alijitoa mwenyewe kwa MONUC, kule Mitwaba, na wapiganaji wake, wengi wao watoto.

Machi 2009 tribinali ya kijeshi, Kipushi, ikamhukumu kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Wahanga walisimama mbele yake wakasema. Tunaona hilo ndilo jambo kubwa kupita yote katika habari hii, na halikudumu. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, mchana kweupe. Wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka, na yeye ndani. Zawadi ya dola 100,000 ikatangazwa. Lakini nani angemchongea, na usiku angelala wapi?

Ndipo jina Bakata Katanga likaenea: wale wanaotaka kukata Katanga, kuitenga na Kongo. Katanga haikukatika, vijiji ndivyo vilivyochomwa, na si na Maï-Maï peke yao, basoda pia walichoma. Wakimbizi wa ndani walikuwa karibu 50,000 mwaka 2011. Kufikia 2014 walipita 500,000. Machi 2013 wapiganaji wao waliingia hadi katikati ya Lubumbashi.

Oktoba 2016 akajitoa tena. Hakurudishwa gerezani: alipewa nyumba Lubumbashi, na walinzi. Umoja wa Mataifa ukamwekea vikwazo Februari 2018, yeye yuko nyumbani kwake. Machi 2020 watu wake wakaingia Lubumbashi na Likasi, naye akatoweka. Msako ukaanza upya.

Angalieni vizuri: mu pori hawakumkamata hata siku moja. Mara zote mbili alijileta, alipoona bei inafaa.

Kwa hiyo chama hakingojei akamatwe. Kwa kila familia tunaandika kijiji, mwaka wa kukimbia, waliokufa, nyumba iliyochomwa na nani aliichoma. Tribinali ikikaa tena, karatasi ziwepo. Ambao hawajaandikwa wapitie kwetu mbele ya mvua ya mwezi wa kumi, na wazee waje pia, maana majina ya vijiji vingine ni wao tu wanaoyakumbuka.