Bango, Tangazo na Hofu: Kaida za Utanzu katika Kuitangaza Filamu ya The Blair Witch Project (1999)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kaida za utanzu wa filamu za kutisha zilivyotumiwa na kugeuzwa katika kuitangaza filamu ya The Blair Witch Project. Hoja kuu ni kwamba ufanisi wa filamu hiyo haukutokana na kuzitupa kaida, bali na kuazima kaida za utanzu mwingine, yaani tangazo la mtu aliyepotea. Makala yanaonyesha pia kwamba uazimaji huo ulikuwa na gharama, nayo iliwaangukia waigizaji na jamaa zao.

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vingi vinavyofundisha filamu, mwanafunzi anayekamilisha kazi yake hutakiwa pia kuiandalia bango na kionjo. Mara nyingi somo hilo hufundishwa kama orodha ya alama: filamu ya kutisha ipewe giza, rangi nyekundu na uso wenye hofu, ya mapenzi ipewe nyuso mbili zinazoelekeana, ya uchekeshaji ipewe rangi angavu. Orodha hiyo ina manufaa, kwa kuwa bango ni ahadi. Humweleza mtazamaji atakachopata kabla hajatoa fedha yake. Hata hivyo, orodha haisemi kaida zilitoka wapi, wala haielezi ni nani anayelipa zinapotumiwa vibaya. Maswali hayo mawili ni ya kihistoria.

2.0 Njia Mbili za Kutangaza Hofu

Das Cabinet des Dr. Caligari, filamu ya Robert Wiene, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Februari 1920. Kabla ya hapo, mitaa ya mji huo ilibandikwa mabango yaliyomhimiza mpita njia awe Caligari, pasipo kumwambia kwamba Caligari ni jina la filamu. Filamu hiyo ilikuwa pia na mabango ya kawaida, yenye mistari iliyopinda kama mandhari yake. Hivyo, tangu mwanzo zilikuwapo njia mbili: bango linalotaja utanzu wake waziwazi, na tangazo linaloficha kwamba ni tangazo.

Njia ya kwanza ndiyo iliyotawala Hollywood. Dracula na Frankenstein za mwaka 1931 zilitangazwa kwa sura za viumbe wake wa kutisha. Mwaka 1978, bango la Halloween, filamu ya John Carpenter, lilitumia weusi mtupu, boga lililochongwa sura, na mkono wenye kisu uliounganishwa na boga hilo. Ubunifu wa namna hiyo uliwafaa watengenezaji wasio na fedha nyingi, kwa kuwa hofu haihitaji uso wa nyota maarufu ili iuzike. Ndiyo maana utanzu huu umekuwa mlango wa kuingilia kwa vijana wengi.

3.0 Tangazo Badala ya Bango

Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walikuwa wamesomea filamu katika Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani. Filamu yao, iliyopigwa mwaka 1997 katika jimbo la Maryland, inasimulia habari za wanafunzi watatu wa filamu wanaopotea msituni mwezi Oktoba 1994, na kanda zao kupatikana mwaka mmoja baadaye. Waigizaji, Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael C. Williams, walitumia majina yao halisi.

Kionjo na tovuti zilifuata kanuni hiyohiyo ya kanda iliyookotwa. Tovuti iliwekwa maelezo ya upelelezi na picha za ushahidi. Katika tamasha la Sundance, Januari 1999, vilisambazwa vipeperushi vya kuwatafuta vijana waliopotea. Kampuni ya Artisan iliinunua filamu kwa takribani dola milioni 1.1, mapato yake duniani yalikaribia dola milioni 250. Bango lenyewe halikuacha kaida za kutisha: giza, miti mikavu na jicho lenye hofu vyote vilikuwamo. Lililoongezwa ni maandishi machache, makavu kama taarifa ya polisi. Mtazamaji aliyezoea kuzisoma alama za hofu kama mchezo alikutana nazo ndani ya karatasi ambayo hakuwa amefundishwa kuitilia shaka.

4.0 Gharama ya Uazimaji

Tangazo la aliyepotea lina nguvu kwa sababu jamii imekubaliana kutolifanyia mzaha. Kampeni ya mwaka 1999 ilitumia akiba hiyo ya imani. Waigizaji waliwekwa mbali na hadhara ili waendelee kudhaniwa wamekufa, na mama yake Donahue alipokea kadi za rambirambi ilhali bintiye yu hai. Mwaka 2024, miaka 25 baadaye, watatu hao walikuwa bado wanadai hadharani malipo ya haki kwa kazi yao.

Kwa eneo la Maziwa Makuu suala hili ni zito zaidi. Mwaka huohuo wa 1994, ambao filamu iliuchagua kwa ajili ya kisa cha kubuni, watu wengi walipotezana na jamaa zao kufuatia mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na picha za watoto zilionyeshwa kambini ili wazazi wawatambue. Mbele ya msomaji mwenye kumbukumbu hiyo, kipeperushi cha aliyepotea hakiwezi kuwa kaida tupu ya utanzu.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kaida za utanzu ni mapatano baina ya mtengenezaji na mtazamaji. Ufundishaji wa utangazaji wa filamu vyuoni haupaswi basi kuishia kwenye rangi na maandishi. Mwanafunzi anayeazima umbo la tangazo afundishwe kuuliza mambo matatu: umbo hilo hutumikia nani katika maisha ya kawaida, ni nani atakayeliamini, na ni nani atakayebeba matokeo ya kuaminiwa kwake. Bango linalojibu maswali hayo bado laweza kutisha, na ahadi yake ikabaki ya kweli.