FAHAMU: Uangalizi wa Bahari kwa Vyombo vya Tanga katika Safari Ndefu

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika Julai 15, 1977, zinakitaka kila chombo kuwa na uangalizi wa kutosha wakati wote. Kwa mujibu wa Kanuni ya 5, uangalizi huo hufanywa kwa macho, kwa masikio na kwa kila nyenzo inayofaa kulingana na mazingira, ili nahodha aweze kutathmini hatari ya kugongana kabla haijamfikia.

Wajibu huo hauchagui ukubwa wa chombo. Unaihusu meli ya makontena, boti ya mashindano na jahazi la mizigo linalovuka Mkondo wa Pemba usiku. Kanuni hiyo pia haitoi msamaha kwa baharia anayesafiri peke yake.

Kwa nini dakika chache ni muhimu

Mtu aliyeketi kwenye chombo kidogo, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, huona upeo wa bahari ulio umbali wa takriban maili 3 za baharini. Meli kubwa huweza kuonekana mbali zaidi kwa sababu ya kimo chake, lakini mvua, ukungu na mawimbi hupunguza umbali huo. Endapo meli inakwenda maili 20 za baharini kwa saa na jahazi linalokuja mbele yake linakwenda maili 5 kwa saa, maili 3 zilizo kati yao humalizika kwa takriban dakika 7. Huo ni muda usiotosha kuchemsha chai na kuinywa.

Namna ya kutambua hatari

Njia ya uhakika ni kutumia dira. Baharia aliye zamu hupima mwelekeo wa chombo anachokiona, kisha huupima tena baada ya muda mfupi. Ikiwa umbali unapungua na mwelekeo haubadiliki, vyombo hivyo viwili vipo katika njia ya kugongana. Kanuni ya 7 inaelekeza kuwa panapokuwa na shaka, hatari ichukuliwe kuwa ipo.

Usiku, taa husaidia kusoma mwendo wa chombo kingine. Taa nyekundu huwa ubavu wa kushoto, ya kijani ubavu wa kulia na nyeupe huwa nyuma. Anayeona nyekundu na kijani kwa pamoja ajue kuwa chombo hicho kinamwelekea yeye.

Zamu na maandalizi ya macho

Uchovu ni adui mkubwa wa uangalizi katika safari ya siku nyingi. Kwa sababu hiyo, mabaharia hugawana zamu, mara nyingi za saa 3 au 4, ili kila mmoja apate usingizi wa kutosha. Macho huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kuzoea giza, na mwanga mkali wa tochi au simu huharibu uwezo huo mara moja. Anayepokea zamu apande mapema, aelezwe vyombo vilivyoonekana, mwelekeo wa upepo na njia inayofuatwa, ndipo mwenzake aondoke.

Katika chombo cha tanga kuna hatari ya pekee: tanga lenyewe huficha sehemu ya bahari, hasa upande unakoelekea upepo. Aliye zamu hana budi kusogea mara kwa mara na kuchungulia chini ya tanga, pamoja na kutazama nyuma, kwani meli iendayo kasi huweza kutokea upande huo.

Mitambo husaidia, haichukui nafasi ya macho

Mfumo wa utambuzi wa meli, AIS, ni wa lazima kwa meli za abiria na kwa meli zenye ujazo wa tani 300 na zaidi ziendazo safari za kimataifa. Vyombo vingi vya mbao havina mfumo huo, hivyo havionekani kwenye kioo cha AIS. Mbao na faiba pia hurudisha mawimbi ya rada kwa udhaifu, ndiyo maana hushauriwa kufunga kiakisi cha rada mahali pa juu.

Januari 2021, katika mashindano ya Vendée Globe ya kuizunguka dunia, nahodha Boris Herrmann wa Ujerumani aligongana na chombo cha uvuvi usiku, akiwa takriban maili 90 kabla ya kumaliza. Alikuwa peke yake, amepumzika, na ving'ora alivyovitegemea havikumwamsha. Alinusurika na kumaliza mashindano.

Mabaharia watatu wa boti ya tanga Ouzo hawakuwa na bahati hiyo. Walifariki Agosti 2006 kusini mwa Kisiwa cha Wight, Uingereza. Wachunguzi wa ajali za baharini wa nchi hiyo walihitimisha kuwa boti hiyo ama iligongwa au ilizamishwa na mawimbi ya kivuko kikubwa kilichopita karibu mno, na kwamba kiakisi chake cha rada hakikuwa na nguvu ya kutosha.

Kuonekana ni sehemu ya usalama

Chombo cha tanga chenye urefu wa chini ya mita 20 kinaruhusiwa kuunganisha taa zake tatu katika taa moja kileleni mwa mlingoti. Chombo cha chini ya mita 7 kisichoweza kubeba taa hizo kinapaswa kuwa na tochi au taa nyeupe iliyo tayari kuonyeshwa mapema. Katika ukungu, chombo cha tanga hutoa mlio mmoja mrefu ukifuatiwa na miwili mifupi, kila baada ya muda usiozidi dakika 2.

Kwa kawaida meli ya injini humpisha mwenye tanga. Hata hivyo, chombo cha tanga hakipaswi kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mlango mwembamba, na chombo chochote kinachopita kingine ndicho chenye wajibu wa kukaa mbali.

Kabla ya kung'oa nanga, manahodha wanashauriwa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kukagua taa na dira, kupanga zamu, na kuhakikisha redio ya VHF inasikiliza chaneli 16, ambayo ni ya wito na dharura. Masuala ya usalama wa vyombo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA) kwa Zanzibar.