Kilichobaki Milanzi

Mwulize mzee wa Kifipa nchi hii ya Ufipa ilikuwa ya nani, hataanza na Watwa. Ataanza na Milanzi. Watwa walitawala kweli, hata ukoo wao ukagawanyika, Nkansi huku na Lyangalile kule, wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Ila kwa babu yangu mzaa mama walibaki kuwa wageni tu.

Alisimulia hivi. Ntatakwa alishuka kutoka mbinguni akaanzisha ufalme wa Milanzi. Baadaye, mtawala wa pale akiwa porini anawinda, wakatokea wanawake watatu wasiojulikana, chanzo cha Watwa, wakakalia kigoda cha enzi. Aliporudi, nchi imeshaondoka. Hapo babu alikuwa akitikisa kichwa kama vile aliyeibiwa ni jirani yake, tena jana.

Lakini mwenye Milanzi hakufukuzwa. Aliachiwa eneo dogo chini ya mlima Itwelele, na heshima ya kuwa wa kwanza mbele ya mizimu. Naona Watwa walifanya hesabu nzuri: mikuki hukusanya kodi, ila mwenye kuzungumza na waliolala ardhini ni yule aliyewazika. Mizimu ya nchi hukaa milimani na kwenye maji, na ikitaka kuonekana huja kama chatu. Mgeni ataanzia wapi?

Ardhi hii imemzika hata adui. Zwangendaba, mfalme wa Wangoni aliyevuka Zambezi mwaka 1835, alifia huku Ufipa, Mapupo, miaka ya 1840. Watu wake wakagombania urithi, wakatawanyika, wengine kaskazini, wengine wakarudi kusini.

Kisha wakaja mapadre. White Fathers walishika Karema mwaka 1885, wakapanda hadi uwandani, na leo Wafipa wengi ni Wakatoliki, mimi nikiwemo. Ukoo wetu huzika ubavuni mwa kilima. Kila tarehe 2 Novemba tunapalilia makaburi, katekista anasali, maji ya baraka yananyunyizwa. Shangazi alikuwa akisubiri katekista ashuke, ndipo amimine pombe ya ulezi kidogo na kuwaita marehemu kwa majina, mmoja mmoja, wa kwake na wa mumewe. Na Jumapili alikuwa kanisani kabla ya kengele.

Mwaka 1963 serikali ilifuta uchifu, wa Nkansi na wa Lyangalile pamoja. Milanzi sasa ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, na diwani wake huchaguliwa kwa kura.