Fataki na Bastola ya Kwanza

Mambo makubwa ya historia hutoka mara nyingi katika vitu vidogo. Leo tutazame kimoja: fataki ya bunduki. Ni kikofia cha shaba, kidogo kuliko ncha ya kidole, chenye dawa kavu ndani yake. Bila fataki bastola ya Colt isingaliwezekana, wala bunduki isingalifaa sana katika misitu ya mvua kama ile ya Walikale.

Zamani bunduki iliwashwa kwa jiwe, nayo iliitwa gumegume. Mtu alitia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka baruti kidogo katika kisahani cha nje. Alipofyatua, jiwe lilipiga chuma, cheche zikaanguka kisahanini, na moto ukapita tunduni hadi ndani. Mvua ikinyesha, baruti ya kisahani ililowa, na bunduki ikawa rungu tu.

Aliyetafuta dawa ya taabu hiyo alikuwa Alexander Forsyth, mchungaji wa Kiprotestanti wa Belhelvie, katika nchi ya Uskoti. Alipenda kuwinda ndege, akaona kwamba huruka wakiona mwako wa kisahani, kabla risasi haijawafikia. Basi mwaka 1807 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: dawa inayolipuka kwa kupigwa tu, bila cheche. Baadaye mafundi wengine waliitia dawa hiyo katika kikofia cha shaba. Hiyo ndiyo fataki.

Sasa tuje kwenye bastola. Mwaka 1818 Elisha Collier alipata hati Uingereza kwa silaha yenye matundu kadhaa ya risasi, lakini iliwashwa bado kwa jiwe, ikawa na mashaka mengi. Samuel Colt, aliyezaliwa mwaka 1814 mjini Hartford, Marekani, alitumia fataki. Yasemekana alichonga mfano wake wa kwanza kwa mti, akiwa kijana merikebuni katika safari ya Calcutta. Hati ya Marekani aliipata tarehe 25 Februari 1836, akaanza kazi katika kiwanda cha mji wa Paterson.

Bastola hiyo ilikuwa na mtutu mmoja, na nyuma yake kipipa cha chuma chenye matundu matano. Kila tundu lilitiwa baruti na risasi yake, na nyuma ya kila tundu palikuwa na chuchu ya kuvikwa fataki. Mtu alipovuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, kipipa kilizunguka hatua moja na kujifunga, tundu likielekea mtutu barabara. Hapo kifyatuo, kilichofichwa ndani, kilijitokeza chini. Akikivuta, nyundo ilipiga fataki, na risasi ikatoka. Kiwanda cha Paterson kilifilisika, lakini mwaka 1847 jeshi la Marekani liliagiza bastola 1,000 za risasi sita, na Colt akainuka tena.

Tuangalie bastola hii ilichoondoa. Mwenye bunduki ya kushindilia akipiga mara moja, hana budi kujaza tena. Katika nafasi hiyo anayewindwa hukimbia, na anayewinda hupata pumzi ya kufikiri. Bastola ilifupisha pumzi hiyo.

Habari hii yatuhusu sisi wa Kongo ya mashariki. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki za kujaza kwa nyuma, tangu miaka ya 1860, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ndogo, nyingi zikapitia Unguja hadi Nyangwe na Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake sokoni Nyangwe. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kutoka huko misafara ya Wamanyema ilipanda kaskazini, mingine ikaingia bonde la Lowa. Hata Kiswahili chetu kilifika pamoja na bunduki hizo.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alihubiri Ulaya juu ya ubaya wa utumwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Bruseli yalizuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika, yakiacha gumegume na baruti ya kawaida tu. Bunduki ya fataki ilikatazwa kwa wenyeji. Lakini katika Kongo ya Mfalme Leopold makapita wa makampuni ya mpira walipewa bunduki hizo hizo, wawatishe wanavijiji. Sheria ilihamisha fataki kutoka mkono hata mkono. Mwanakijiji akabaki mbele ya mtutu.

Wasomaji wa Masisi na Walikale hawahitaji kuelezwa mambo haya. Tangu mwaka 1993 wamezika wengi, waliouawa kwa panga, kwa mikuki na kwa bunduki zitoazo risasi mamia kwa dakika moja. Mafundi wamekwisha kuiondoa ile nafasi ya kujaza tena. Basi pumzi ya kufikiri haipatikani tena katika silaha. Kila mtu aitafute moyoni mwake, kabla kidole hakijagusa kifyatuo, na wazee waifundishe kwa vijana wangali wadogo.