Ukali na Uzito: Maneno Mawili Katika Madhara ya Dawa

Katika Kata ya Baray, Bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, Kiswahili cha zahanati huwafikia watu ambao wengi wao nyumbani husema Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza. Neno lenye maana mbili huzaa taarifa mbili. Ndiyo sababu twawaomba wafasiri wasite kidogo mbele ya neno "kali".

Hadi mwaka 2001 dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania ilikuwa klorokwini. Wengi walioimeza walipatwa na mwasho wa kuwanyima usingizi. Mwasho huo ulikuwa mkali. Mzito haukuwa, maana haukuua wala haukulemaza. Mwaka huo klorokwini ikaipisha SP, yenye salfa, ambayo nayo ilipishwa na dawa mseto mwaka 2006. SP, kwa nadra sana, huleta malengelenge na kubambuka kwa ngozi, hata kifo. Lakini mwanzo wake waweza kuwa vipele tu. Hapo ukali ni mdogo na uzito ni mkubwa. Ukali ni nguvu ya dalili; uzito ni matokeo yake.

Mwaka 1992 Hartwig na wenzake, huko Marekani, walitoa kipimo chenye ngazi saba: ya kwanza tiba haibadilishwi, ya saba mgonjwa hufa. Wao walikiita kipimo cha ukali, ingawa kwa maoni yetu walichopima zaidi ni uzito. Mwaka huohuo Schumock na Thornton walitunga maswali ya kupima kama madhara yangeweza kuzuiwa: Je, dozi ililingana na umri na uzito wa mwili? Je, mgonjwa alikwishadhuriwa na dawa hiyo zamani? Kwa dhana hii twachagua "kuzuilika" badala ya "kuepukika", kwa kuwa anayeepuka ni mgonjwa, na anayezuia ni mtoa dawa.

Tanzania ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993. Hata hivyo, katika uzazi wa mpango bado twasikia "maudhi madogo madogo", msemo unaokata shauri kabla mgonjwa hajasema lolote.

"Mzio" ni istilahi nzuri, nasi hatuikatai. Lakini mgonjwa wa Baray aulizwe hivi: "Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru? Ilikufanya nini?"