Katalogi Isiyojua Kiswahili

Mtu akitaja teknolojia ya maktaba, wengi wetu tunawaza kompyuta. Lakini wakutubi walikuwa na mashine yao zamani kabla ya hapo: droo ya mbao iliyojaa kadi. Kadi yenyewe ilikuwa ndogo tu, kama sentimita 7.5 kwa 12.5, ina tundu upande wa chini, na fimbo ya chuma inapita kwenye matundu yote ili mwanafunzi mwenye haraka asije akaichomoa akaondoka nayo. Ilikuwa mashine kweli. Daftari la orodha likijaa, inabidi kuandika jingine. Droo ya kadi haikuwa na shida hiyo. Kitabu kipya kikija leo, kadi yake inachomekwa mahali pake, na orodha inakuwa imekamilika tena.

Nasimulia habari za mashine hii, na zilizoirithi, kwa sababu moja. Sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tunapenda kulalamika kwamba vitabu vyetu havipatikani kwenye maktaba za vyuo. Mara nyingi vipo. Vimenunuliwa, vimegongwa muhuri, vimepangwa rafuni. Kinachokosekana ni njia ya kuvifikia, na njia hiyo ilichorwa na watu ambao lugha yao inafanya kazi kinyume na yetu.

Turudi mwaka 1876. Marekani, mwaka huo mmoja, mambo matatu yalitokea: chama cha wakutubi kiliundwa, Charles Cutter alitoa kanuni zake za kuandaa katalogi, na Melvil Dewey alichapisha mpango wake wa kugawa maarifa yote kwa tarakimu. Namba za Dewey zinatumika hadi leo. Fasihi ipo kwenye 800. Fasihi ya Marekani ikapewa 810, ya Uingereza 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840, ikafuata ya Kiitaliano, ya Kihispania, ya Kilatini na ya Kigiriki. Zilizobaki zote, za dunia nzima, zikarundikwa kwenye 890. Kiswahili utakikuta 896.392. Hesabu mwenyewe: Mwingereza anafika kwake kwa tarakimu tatu, sisi tunahitaji sita.

Maktaba nyingi za vyuo vikuu hutumia mpango mwingine, ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Library of Congress. Huko fasihi ya Kiswahili iko PL8704, katika kundi la PL ambalo limebeba pia Kichina, Kijapani, Kikorea na lugha za visiwa vya Pasifiki. Kwa hiyo Shaaban Robert ana majirani wa mbali kweli. Sioni ubaya wa ujirani huo. Nauona mpango wa nyumba tu, na katika mpango huo sisi tulipewa chumba cha uani.

Mwaka 1901 maktaba hiyo ya Washington ilianza kuuza kadi zilizokwisha kuchapwa. Hapa ndipo huduma ilipobadilika sana. Badala ya kila chuo kuajiri mtu wa kukisoma kitabu, kukipa namba na kukiandikia maelezo, chuo kiliagiza kadi iliyo tayari. Kazi ilipungua, makosa yakapungua, na msomaji aliyehama chuo kimoja kwenda kingine alikuta droo zinazofanana. Ila maelezo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza na kwa mazoea ya Kiingereza, yakasafiri hivyo hivyo.

Sasa hebu tuangalie nini kinatokea Kiswahili kikiingia kwenye droo ya alfabeti. Tuseme unatafuta tenzi. *Utenzi wa Vita vya Uhuru* wa Shaaban Robert upo kwenye droo ya U. *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji* wa Abdul Karim bin Jamaliddini upo U pia. Lakini *Tendi*, mkusanyo wa J. W. T. Allen wa mwaka 1971, upo droo ya T, upande mwingine wa kabati. Ni utanzu uleule. Wa kaskazini wanasema utendi, wa kusini wanasema utenzi, na wingi wake hupoteza herufi ya kwanza. Kwa Kiingereza umoja na wingi hulala kitanda kimoja, kwa sababu neno hubadilika mwishoni. Kwetu neno hubadilika mwanzoni: kitabu na vitabu, shairi na mashairi, mwanamke na wanawake. Alfabeti, ambayo kwa Mwingereza huwakutanisha ndugu, kwetu huwatenganisha.

Majina nayo ni mtihani. Kanuni za kadi zilitaka jina la ukoo litangulie, kisha koma, kisha jina la kwanza. Sasa Shaaban Robert umweke chini ya S au chini ya R? Muyaka bin Haji je? Mkutubi mzuri aliweka kadi ya kuelekeza, yaani "ukitafuta hapa, nenda pale". Mkutubi mwenye rundo la vitabu mezani hakupata nafasi hiyo.

Kisha ikaja kompyuta. Mwanamke mmoja, Henriette Avram, ambaye hakusomea ukutubi bali alikuwa mtaalamu wa programu, alipewa kazi pale Library of Congress ya kuifanya kadi isomwe na mashine. Majaribio yalianza 1966, na muundo huo ukaitwa MARC. Kila kipande cha kadi kikapewa namba: 100 ni mwandishi, 245 ni anwani ya kitabu, 650 ni mada. Mwaka 1969 rekodi hizo zikaanza kusambazwa kwa kanda za sumaku, na zilianza na vitabu vya Kiingereza. Lugha nyingine zikasubiri foleni.

Jimboni Ohio, Frederick Kilgour alikuwa na wazo jingine. Mwaka 1967 vyuo vya huko vilianzisha kituo cha pamoja, OCLC, ili kitabu kikishaelezwa na maktaba moja, nyingine zisirudie kazi. Tarehe 26 Agosti 1971, maktaba ya Ohio University iliingia kwenye mtandao huo, na siku hiyo ya kwanza ikaorodhesha vitabu 133. Ushirika huo ulikua ukavuka mipaka ya Marekani. Cha kuchekesha ni kwamba kwa miaka mingi kompyuta zake zilitumika kuchapa kadi. Kadi za mwisho zilitoka mwezi Oktoba 2015.

Ungedhani kompyuta ingemaliza tatizo letu, maana haihitaji droo. Iligeuza sura ya tatizo tu. Waliotengeneza mifumo ya kutafuta waliweka njia ya mkato: andika mzizi wa neno, weka alama ya nyota mwishoni, na mashine italeta maneno yote yanayoanza hivyo. Kwa Kiingereza ni muujiza. Mwaka 1980 Martin Porter akachapisha kanuni za kuikata miisho ya maneno ya Kiingereza ili mashine ijue kwamba maneno fulani ni ndugu, na kanuni hizo zikaenea kila mahali. Lakini msomaji, kusoma, wasomaji, usomaji na kisomo, ndugu hawa wanafanana tumboni, hawafanani usoni. Nyota ya mwishoni haiwaoni.

Nililiona hili kwa macho yangu nilipokuwa mwanafunzi, kwenye maktaba ya chuo ambacho sitakitaja. Niliandika "tenzi", kompyuta ikaniambia hakuna kitu. Nikaandika "utenzi", rafu nzima ikafunguka. Mwenzangu wa idara ya Kiingereza alikuwa pembeni, anatafuta mambo yake kwa neno moja tu, anapata. Mimi nilibeba kikaratasi chenye maumbo matatu manne ya kila neno. Nilichokigundua baadaye ni kwamba kichwa cha mada cha Kiingereza, "Swahili poetry", kiliyakusanya yote pamoja, bila kujali U wala T. Yaani kukipata Kiswahili ilibidi niulize kwa Kiingereza. Nawashukuru wakutubi walioweka mada hiyo, bila wao ningekwama kabisa. Lakini si ajabu kidogo, jamani?

Wapo waliolitatua jambo hili mapema, na hawakutumia mashine. Katika miaka ya 1960, wakati chuo cha Dar es Salaam kingali kichanga, Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu na kurekodi sauti za watu kwenye kanda. Mkusanyo ukawekwa kwenye maktaba ya chuo, na katalogi yake ikachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Kazi ile ilimtaka mtu anayesoma hati za Kiarabu, anayejua Kiamu na Kimvita, na anayeweza kutambua kwamba karatasi mbili zenye majina tofauti ni utendi mmoja. Hakuna kadi ya kununua Washington ambayo ingeweza kufanya hivyo. Maelezo yalitoka kwa mtu anayeijua lugha.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya majarida. Mwaka 1999 Cornell ilitoa TEEAL, maktaba ya kilimo iliyojaa kwenye boksi la CD, kwa vyuo vya nchi ambazo intaneti ilikuwa ya kusuasua. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likazindua HINARI pamoja na wachapishaji sita, vyuo vya nchi maskini vikasoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi kwenye pwani yetu, na mambo yakaenda mbio. Maktaba iliyokuwa inapokea jarida miezi kadhaa baada ya kuchapwa ikaanza kulipata siku hiyohiyo. Mwanafunzi aliye likizo kijijini, mwenye simu na bando, akaweza kuingia maktabani bila kupanda basi.

Huduma iliboreka, hilo halina ubishi. Ila kuna kilichobadilika kimyakimya. Zamani chuo kikinunua jarida, jarida ni la chuo. Wakiacha kulipa, matoleo ya zamani yanabaki rafuni. Sasa mara nyingi chuo kinapanga, kama mpangaji wa nyumba. Kodi ikikatika, mlango unaweza kufungwa. Stanford waliiona hatari hii mapema, wakaanzisha mradi wa LOCKSS mwaka 1999 ili nakala za kidijitali zihifadhiwe kwenye maktaba nyingi kwa pamoja. Wazo lake ni la kizamani kabisa: kitu chenye nakala nyingi hakipotei kirahisi.

Na kupotea si jambo la nadharia. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukateketeza ukumbi wa Jagger wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Takriban machapisho 70,000 ya masomo ya Afrika yaliungua. Milango ya kuzuia moto iliokoa sehemu kubwa ya hazina iliyokuwa ghala la chini, ingawa maji yaliingia. Vilivyokuwa vimeskaniwa vilibaki kusomeka. Na kwa vile vilivyoungua, katalogi ndiyo iliyoweza kusema nini kilikuwepo. Fikiria basi kitabu kilichoungua bila kuwa na rekodi nzuri. Hicho kimekufa mara mbili.

Sisi huku tumejenga. Novemba 2018 maktaba mpya ilizinduliwa Mlimani, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na China, yenye nafasi ya vitabu vipatavyo 800,000. Makala za jarida la *Kiswahili* unazisoma kwenye simu. Vyuo vingi vinaweka tasnifu mtandaoni, na baadhi yake zimeandikwa kwa Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Majengo yapo, nyaya zipo. Kilichobaki ni kile alichofanya Allen: maelezo.

Ninachoomba hakihitaji fedha za wafadhili. Rekodi ya kitabu cha Kiswahili iwe na mada kwa Kiswahili pia, kando ya zile za Kiingereza. Iandikwe utenzi, utendi, tenzi na tendi, zote nne, kwenye rekodi moja. Kompyuta haina droo ya kujaa. Mwanafunzi anayewasilisha tasnifu aweke maneno yake makuu kwa umoja na kwa wingi. Idara za Kiswahili na wakutubi wakae meza moja, hata mara moja kwa muhula, wapitie rekodi za vitabu vyetu. Hizi programu mpya zinazojibu maswali kama mtu hazitatuokoa zenyewe, maana nazo hujifunza kutokana na kilichoandikwa. Pasipoandikwa kitu, hakuna cha kujifunza.

Nawe msomaji una kazi. Fungua katalogi ya chuo kilicho karibu nawe, nyingi ziko wazi mtandaoni. Tafuta kitabu cha Kiswahili unachokipenda kwa mada yake, kwanza kwa umoja, kisha kwa wingi. Usipokipata, na unajua kipo, mwandikie mkutubi barua pepe ya mistari miwili. Kuongeza neno moja kwenye rekodi kunachukua dakika chache, na atakayelitafuta baada yako atalikuta.